Gari Lililoshuka Vidunda Bila Mimi

"Jamani, nakufa!" nilipiga kelele kutoka chini korongoni.

Juu yangu, njiani, sauti ya mwanamke ikajibu, "Kufa upesi basi, Mnyamwezi we, tuwahi kuinjika pilau ya matanga!"

Mwenzake akadakia, "Na usife umejinyoosha! Mrefu kama nguzo ya simu, nani atakuchimbia shimo la urefu huo? Jikunje!"

Wakacheka. Mimi nimelala chali kwenye majani mabichi, mguu wa kulia umegeukia upande ambao mguu haugeukii, mdomo umejaa udongo. Nikaita tena. Wakacheka tena, sasa mbali kidogo. Halafu vicheko vikaisha. Nikabaki na ndege, na kijito kinachopita chini yangu, na jua linaloshuka nyuma ya mlima.

Wale wanawake si wabaya, nisije nikaeleweka vibaya. Wabaya nitawataja. Wa kwanza ni Festo, mwongoza wageni, anayejiita Kapteni. Wa pili ni Rehema, msaidizi wake.

Sasa niko nyumbani kwangu Mikumi, alhamdulillahi, mguu uko juu ya stuli umefungwa hogo la plasta, chai ya tangawizi iko mkononi. Kila anayekuja kunipa pole ananiuliza upya, na kila nikisimulia mtu ananikatiza. Mama Shani, jirani yangu, ndiye wa kwanza kwa kukatiza. Kwa hiyo nimeandika. Shule niliishia darasa la nne, lakini kuandika naweza. Someni mpaka mwisho ndipo muulize.

Mikumi kwenda Kilosa

Safari yenyewe ilikuwa zawadi ya binti yangu Salma, yule aliyeko Morogoro. Aliniambia, "Mama, miaka yote umekaa kwenye cherehani unaona watalii wanapita. Na wewe siku moja uwe mtalii." Mengine ya kupanga alipanga yeye, mimi nikashona gauni jipya.

Walivyotuambia ni hivi. Asubuhi mji wa Kilosa: stesheni ya zamani, boma la Mjerumani, soko. Mchana milima ya Vidunda: vijiji vya kale, mahame, na pango walimojificha watu enzi za vita. Jioni kila mtu kwake. Mtu anayezijua barabara zetu angecheka hapo hapo. Kilosa iko huku, Vidunda iko kule, Mikumi katikati. Ni sawa na kupika vyungu viwili kwenye mafiga ya nyumba mbili. Lakini nani alituuliza?

Tuliambiwa tufike alfajiri. Tulifika. Festo alikuja jua limeshapanda, miwani myeusi usoni, kipaza sauti cha mkononi.

"Mambo, bi mkubwa!"

Nikamtazama. Nikaendelea kumtazama mpaka akakumbuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Niliitikia nusu nusu.

Dereva wetu alikuwa Mzee Kondo, mtu mzima, mpole, anayeongea na gari kuliko na watu. Gari lilikuwa Coaster, viti vizuri tu, siwezi kusema uongo. Abiria tulikuwa kumi na kitu, wengi wa Morogoro na Dar. Mimi nilikaa na Mwalimu Deo, mstaafu, mtu wa mizaha ya taratibu.

Kabla ya kijiji cha Ulaya tukakuta ng'ombe wamejaa barabarani. Mzee Kondo akazima injini, akatulia. Ndivyo tunavyofanya huku, ng'ombe wana haki yao. Festo hakutulia. Akatoa kipaza sauti dirishani: "Pisheni! Pisheni njia, kuna wageni!" Ng'ombe wakashtuka, wakatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu, nusu yao wakaingia shamba la mahindi la watu.

Mchungaji, mzee wa Kimasai, akaja dirishani polepole.

"Nani ameimbia ng'ombe wangu?"

Gari zima tukamtazama Festo.

"Ng'ombe wangu hawajui maneno ya kwenye bati," akasema yule mzee. "Shuka uwaite sasa. Waite kwa hilo bati lako."

Hakushuka. Alishuka Mzee Kondo, akashuka Mwalimu Deo na suruali yake ya pasi, wakasaidia kuwatoa ng'ombe kwenye mahindi. Mwenye shamba naye akafika, na maneno yakawa mengi. Asubuhi ikaishia pale.

Kilosa mjini

Kilosa naipenda, na hapo nilifurahi. Babu yangu aliletwa toka Unyamwezini kukata mkonge, baba yangu akafanya kazi ya reli, kukaza nati na kubadilisha mataruma. Stesheni nilikaa kwenye benchi nikamkumbuka baba anavyorudi mikono myeusi kwa grisi, mama anamkataza asiguse mlango. Festo alikuwa anaeleza kwenye bati lake habari za Wajerumani. Sikumsikiliza, nilikuwa na zangu.

Tukaona boma, tukapiga picha, tukaenda sokoni. Mama lishe mmoja akatupa supu na chapati za moto. Nikaongeza bakuli. Wale wa Dar walishangaa pilipili yetu, mmoja alitoka machozi akasema ni vumbi.

Halafu tukaondoka. Tumeshafika kwenye daraja, mtu mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Kuna mzee anakimbia!" Tukageuka. Mwalimu Deo anakuja mbio kwa unene wake, mkono mmoja umeshika mkanda wa suruali, mwingine unapunga. Alikuwa msalani, na mimi nilidhani amekaa nyuma.

Festo akacheka mpaka akaishika miwani. "Mwalimu, sasa mimi ningejuaje? Gari lina watu kibao."

"Kwa kuhesabu," akasema Mzee Kondo, bila kugeuka.

Mwalimu akakaa karibu yangu anahema. Akaniambia, "Mama Salma, ukitaka kujisaidia leo, nenda na shahidi." Tukacheka sana. Leo sicheki.

Kidodi, nyuma ya malori

Tukarudi Mikumi, tukapita bila kusimama, tukashika njia ya Kidodi. Huko ulikuwa msimu wa miwa. Malori yamebeba mpaka miwa inaburuza chini, yanakwenda mwendo wa jongoo. Moja lilikuwa limelala ubavu, mzigo wote barabarani, vijana wanapakia upya kwa mikono. Tukasubiri. Watu wa pale wakatupa miwa dirishani, tukakaa tunatafuna na kutema maganda. Ilikuwa tamu, hilo nalo niseme.

Mzee Kondo akamwita Festo pembeni, lakini dirisha langu lilikuwa wazi.

"Mwanangu, jua limekwenda. Wageni waone mto hapa Ruaha, wale, warudi. Mlima hautahama."

"Mzee, wewe shika usukani. Ratiba ni yangu."

"Kule juu giza linaingia mapema. Mlima unaficha jua."

"Usukani, mzee. Usukani tu."

Mzee Kondo akapanda, akawasha gari.

Vidunda, kwa Mama Oliva

Njia ya Vidunda inapanda kama ngazi. Upande mmoja mlima, upande mwingine unaona vilele vya miti kwa juu. Lakini hewa! Na maharage yamepandwa kwenye miteremko mikali mpaka unajiuliza mkulima anajifunga kamba au vipi.

Gari likaishia kwenye uwanja mdogo, tukatembea kidogo hadi kwa Mama Oliva, mwenyeji aliyetupikia. Ugali, maharage, kuku wa kienyeji, na togwa kwenye ndoo. Ametusubiri tangu mchana, ugali umepoa akausonga upya, na hakununa.

Akatuuliza mmoja mmoja ametoka wapi. Ilipofika zamu yangu:

"Na wewe dada, kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Weee! Palikuwa na mama mmoja pale, Getruda, mwembamba, ana sauti ya kengele. Aliruka. "Mtani! Mbeba mizigo wetu amerudi! Miaka yote hii tulikuwa tunajiuliza nani atatushushia mahindi Kidodi!"

Kwa wasiojua, sisi Wanyamwezi na watu wa milima ile ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanapita na misafara, mizigo kichwani. Na utani si mzaha wa kuchekesha tu. Mtani anakutukana na hukasiriki. Mtani anachukua kitu chako na huwezi kukidai. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja kukuzika na kuchekesha wafiwa.

Basi Getruda akaninyang'anya kanga ya mabegani, akakunja kata, akaniwekea kichwani, akaninyanyulia gunia la viazi. Nikamwambia, "Nyie watu wa mteremko, mguu mmoja mfupi mmoja mrefu kama mbuzi wa mlimani, mkishuka tambarare mnazunguka duara." Watu wakavunjika mbavu. Getruda akasema Wanyamwezi tunakula panya. Nikasema bora panya, nyie mnakula hadi mpini wa jembe.

Nilipomaliza kula nikajilaza kwenye mkeka, nikashika tumbo. "Nakufa! Wameniwekea sumu kwenye maharage, nakufa!" Getruda akaja mbio, akajifunga kiunoni, akaanza kunililia, "Uuuwi! Mbeba mizigo wetu amekufa, na gunia hajalifikisha!" Mama Oliva akapiga vigelegele. Mwalimu Deo akatoa hotuba ya rambirambi. Tangu mume wangu afariki sikuwa nimecheka vile.

Festo aliona yote. Alisimama pale na kuku mkononi.

Njia ya mahameni

Baada ya chakula tukapanda kwenda pangoni. Mama Oliva alimwambia Festo njia ya juu ina utelezi, mvua imenyesha jana, watu waende kwa mstari na mmoja wao abaki nyuma kabisa. Festo akasema, "Rehema atafunga mkia."

Rehema alifunga mkia mwanzoni. Mimi goti langu bovu mnalijua, kwa hiyo nilikuwa wa mwisho, yeye yuko nyuma yangu anajipiga picha. Tuliona mahame, mawe ya misingi ya nyumba, vigae vya vyungu, mahali pa kusagia nafaka palipochimbika jiweni kama bakuli. Niliingiza mkono mle. Mwanamke fulani alisaga hapo mpaka jiwe likaliwa. Hapo safari ilikuwa na maana.

Kabla ya kufika pangoni haja ndogo ikanibana. Nikamwambia Rehema, "Mwanangu, naingia kichakani, nisubiri hapa."

"Poa mama, usijali," akasema. Macho kwenye simu.

Nikasogea hatua chache tu kutoka njiani. Nilipogeuka kurudi, udongo wa ukingoni ukaachia. Sikuanguka kwa kishindo, niliteleza, nikawa nashika majani yanang'oka, nashika mianzi inanikata, mpaka mguu ukaingia katikati ya mawe mawili na mwili ukaendelea kushuka. Nikausikia mfupa.

Nikapiga kelele. Niliita Rehema. Niliita Festo. Niliita Mwalimu. Kwa juu nikasikia watu wanaongea, nikasikia hata lile bati. Nikasema wananisikia, wanakuja. Sauti zikasogea upande mwingine wa mlima, zikashuka. Hazikuja.

Hapo ndipo nilipopiga kelele za kufa, na hapo ndipo Getruda na mwenzake walipopita wanatoka kuokota kuni. Mlishasoma walivyojibu.

Sasa fikirieni. Ningesema nini zaidi? Nikisema nimevunjika mguu, watasema Mnyamwezi hana mguu, ana mwimo wa mlango. Nikisema nalia kweli, hata mkekani nililia kweli. Maneno yote ya kuombea msaada nilikuwa nimeshayatumia kwa kucheza. Nilivuta pumzi nimtukane Getruda, maana ni aibu mtani kuachwa bila jibu, pumzi ikakataa. Maumivu yalipanda mpaka kifuani. Nikanyamaza. Nikaanza kusema shahada kimoyomoyo, nikamwomba Mungu Salma asiolewe na mwanamume mlevi.

Kuni zikaanguka juu. Nilizisikia, puu.

Halafu sauti ya Getruda, lakini si ile ya kengele. "Dada?"

Sikuweza kujibu.

"Dada Mnyamwezi, jibu basi. Nimekutukana, mbona hujibu?"

Nikatoa sauti tu, kama ya ndama.

"Mama yangu! Huyu ni kweli! Kimbia, kawaite watu!"

Baadaye nilimuuliza alijuaje. Akasema, "Tulikuachia matusi matamu kabisa, ukayaacha yapite. Tulifika kwenye mgomba nikamwambia mwenzangu, Mnyamwezi gani anatukanwa urefu wake ananyamaza? Miguu ikakataa kwenda."

Machela

Alishuka mwenyewe kwanza, kwa makalio, anashika mizizi. Akanikalisha, akanifuta udongo mdomoni kwa kanga yangu mwenyewe, ile aliyoninyang'anya. Alikuwa analia. Mimi ndiye nilikuwa nambembeleza.

Wakaja watu na panga na miti miwili na blanketi. Mama Oliva akafunga mguu kwa vipande vya mianzi na kitenge. Wakanitoa, nikapiga kelele ambazo sasa hakuna aliyezicheka. Lakini nilipokuwa tayari kwenye machela, mabegani mwa Wavidunda, tunashuka, Getruda aliyekuwa mbele akashindwa kujizuia.

"Dunia imeharibika," akasema. "Tangu lini Mnyamwezi akabebwa?"

Na mimi pumzi ilikuwa imerudi. Nikamwambia, "Tembea sawasawa, we mbuzi, unanimwaga."

Machela ikasimama. Wabebaji walikuwa wanacheka mpaka wamelegea. Mama Oliva akasema, "Atapona huyu. Asanteni Mungu na Mama Maria."

Tukafika kwake giza linaingia. Nikauliza, "Wenzangu wako wapi?" Mama Oliva akasema gari limeshuka zamani. Festo alimpungia mkono kwa mbali tu, naye alidhani nimo ndani.

Mkoba wangu ulikuwa kwenye gari. Simu ndani ya mkoba. Namba ya Salma siijui kwa kichwa, nani siku hizi anajua namba kwa kichwa? Mama Oliva akanipa uji, akanipa kitanda chake, yeye akalala chini. Alfajiri wakanishusha kwa machela tena hadi barabarani, na lori la miwa likanichukua mbele na dereva mpaka hospitali. Kijana yule aliendesha kama amebeba mayai. Mungu ambariki, jina lake sikulipata.

Hospitali

Mwalimu Deo ndiye aliyekuja na mkoba wangu. Aliuchukua kwa Festo, Mikumi, asubuhi yake, kwa nguvu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, hakufanya mzaha hata mmoja.

"Mama Salma, tulisikia mtu anaita," akasema. "Nilimwambia Festo, hiyo si sauti ya mama? Akasema, 'Ni yeye na watani zake, wanaendelea na maigizo yao.' Kwenye gari nikauliza, mama yuko wapi? Akasema umemwambia mwenyewe unalala kwa Mama Oliva, kesho utashuka na bodaboda."

"Mimi?"

"Mzee Kondo alikataa kuwasha gari. Akasema mwanamke hawezi kulala ugenini akaacha mkoba. Festo akamwita Rehema. Rehema akasema, 'Ndiyo, mama kasema.' Giza linaingia, watu wa Dar wanapiga kelele warudishwe. Mzee akawasha."

Bado hilo si la mwisho. La mwisho aliniambia Salma alipofika. Jioni ile alinipigia simu kuniuliza safari imekuwaje. Simu ikapokelewa, na aliyepokea ni Festo. Amefungua mkoba wangu, ametoa simu yangu, akamwambia mwanangu, "Mama yuko salama, ameshiba kuku, amelala kwa watani zake. Network mlimani hakuna, ndiyo maana ameniachia simu."

Mwanangu akashukuru. Akamwambia asante, kaka. Akalala.

Daktari anasema nitatembea, na cherehani nitaikanyaga kwa mguu wa kushoto tu, nitajifunza. Nashukuru. Getruda ametuma salamu na maharage, na ujumbe kwamba anakuja kunichukulia stuli. Roho yangu imetulia kwa karibu kila kitu.

Isipokuwa wewe, Festo. Najua haya yatakufikia, Mikumi si kubwa. Umetuma mtu aseme ilikuwa bahati mbaya, na kwamba nimesharudi salama, tuyamalize. Kuteleza ilikuwa bahati mbaya, sikudai. Kusikia kelele ukadhani ni utani, hata hilo naweza kulimeza, wengine walidhani hivyo. Lakini ulipoufungua mkoba wangu ulijua sipo. Ulijua mtu mmoja tu duniani angenitafuta usiku ule, ukamwambia asinitafute.

Usitume mtu tena. Njoo mwenyewe, na Rehema wako, hapa barazani kwangu, Salma akiwepo, Mzee Kondo akiwepo, Mwalimu akiwepo. Watu wa Vidunda wamesema watashuka, hata kwa miguu. Uvue miwani, ukae, utuambie: nani alikwambia nimelala?